Si Jini, Ni Mtoto

Mama mmoja wa Simbo, mkoani Kigoma, aliniuliza kama mwanawe asiyeitika jina lake amepagawa na jini. Hasha! Apelekwe kwa tabibu. Huenda ni usonji, hali aliyoieleza Daktari Leo Kanner mwaka 1943. Zamani hata wataalamu waliwalaumu akina mama, walikosea. Hirizi na mafusho havimfunzi mtoto kunawa mikono. Afunzwe kwa hatua ndogo, kwa utaratibu uleule kila siku: kwanza maji, kisha sabuni; afanikiwapo, asifiwe papo hapo. Asiyesema aonyeshe picha ya atakacho. Sura Abasa yatufunza kutompuuza kipofu ajaye kutafuta elimu. Basi kwa nini huyu afichwe chumbani wageni wafikapo? Aketi nao mkekani, hata akipiga kelele.