Uzio na Wenyewe

Katika nchi ya Wasukuma, malisho yaliyofungwa ili ardhi ipumzike huitwa ngitili. Si lazima pawe na ukuta wala seng'enge. Aghalabu mpaka wenyewe hauonekani kwa macho ya mgeni, nao hujulikana kwa mti fulani, kwa korongo, au kwa neno la wazee tu. Mvua zinapoanza ng'ombe hukatazwa kuingia, nyasi na vichipukizi vikapata nafasi ya kukua. Kiangazi kikishika, wenyewe hufungua sehemu baada ya sehemu. Misitu ya Shinyanga ilifyekwa tangu enzi za ukoloni ili kuangamiza mbung'o, kisha ikafyekwa tena kwa ajili ya pamba. Mwaka 1986 ulipoanza mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, yaani HASHI, ngitili zilizokuwa zimesalia zilikadiriwa kuwa hekta 600 hivi; mwanzoni mwa miaka ya 2000 zilihesabiwa kwa mamia ya maelfu ya hekta, na mwaka 2002 kazi hiyo ikapata Tuzo ya Ikweta. Kilichofufua misitu hiyo, zaidi ya miche iliyotoka katika vitalu, ni desturi ya kufunga, ikilindwa na dagashida, baraza la kijiji linalowatoza faini wavunjao mpaka.

Desturi hiyo yafaa kukumbukwa na kila atakayetafakari swali jingine, ambalo magazeti hulitaja kwa kelele na waalimu wa maadili hulipita kimya. Je, watu wachache, ambao jamii haiwapendi kwa namna walivyo, wana haki ya kujitengea mahali pao, wakapagharamia kwa michango yao wenyewe, na kukaa humo siku chache pasipo kutazamwa?

Nchini Marekani jambo hilo si geni. Wanaume wapendao wanaume na wanawake wapendao wanawake wamekuwa na kambi zao misituni kwa miongo kadhaa: hupiga mahema, hulipa ada, hupeana zamu za kupika na kusafisha vyoo. Katika msitu wa jimbo la Michigan, tamasha la muziki la wanawake, wengi wao wakiwa wa namna hiyo, lilifanyika kila mwaka tangu 1976 hadi 2015, na waliohudhuria ndio waliofanya kazi za kambi. Shinyanga na Geita hapana kambi kama hiyo, wala kwa sheria ilivyo haiwezi kuwako hadharani. Kifungu cha 154 cha Kanuni ya Adhabu, kilichorithiwa kwa Mwingereza na kukazwa mwaka 1998, kinatoa kifungo kisichopungua miaka 30, nacho chaweza kufikia maisha. Zanzibar nayo, katika marekebisho ya mwaka 2004, ikawataja wanawake waziwazi.

Sheria ikikataza, haja haifi. Mwezi Desemba 2017, mjini Geita, polisi walimkamata mwanamke baada ya video fupi kusambaa mitandaoni, ikionyesha wanawake wawili wakikumbatiana na kubusiana katika hafla. Kesi ikafika mahakamani, na dunia nzima ikasoma habari hiyo. Tuache kando kwa muda yale yaliyokuwamo ndani ya video. Tutazame mahali. Palikuwa na hafla. Palikuwa na waalikwa. Palikuwa, kwa hiyo, na mpaka wa namna fulani, ijapokuwa haukuwa na mlango wa chuma. Picha ilipotoka nje, mpaka ule ulivunjwa. Ajabu ni kwamba katika mjadala wote uliofuata, wengi waliuliza nini kilitendeka ndani, na wachache mno waliuliza nani aliyekitoa nje, na kwa haki gani. Ng'ombe akiingia ngitili, dagashida haianzi kwa kuuliza kama nyasi zilikuwa nzuri.

Wapo watakaojibu kwamba mtenda mema hajifichi. Hoja hii husikika sana, nayo ni dhaifu kuliko inavyoonekana. Nyumba ya pwani ina baraza ya nje kwa wapita njia, ina ukumbi, na nyuma kabisa ina ua ambamo mgeni hafiki. Hajapata kutokea mtu akadai kwamba kuwapo kwa ua ni ushahidi wa uovu wa mwenye nyumba. Jando na unyago hufanyika mbali na macho. Katiba ya Jamhuri ya Muungano, katika ibara ya 16, inamtambua kila mtu kuwa anastahili heshima na hifadhi ya maisha yake binafsi na maskani yake. Ni kweli kwamba ibara hiyo hiyo inaiachia sheria iweke mipaka. Lakini neno lililotangulia ni hifadhi, na mipaka imekuja baadaye. Faragha haikubuniwa kwa ajili ya waovu. Mtu asiyepata hata saa moja ya kuwa alivyo bila ya kupimwa hugeuka kuwa mwigizaji wa maisha yake mwenyewe, na mwigizaji huyo si mkweli zaidi kwa jirani zake kuliko mtu aliyejificha.

Hoja ya pili ni nzito, nayo yataka uaminifu zaidi. Kujitenga hula jamii. Wakijitenga hawa leo na wale kesho, nani atabaki kijijini? Tena uzio hufundisha tabia. Ngitili zenyewe zimeshuhudia jambo hilo: wenye ardhi na mifugo mingi walifunga maeneo makubwa ya binafsi, na maskini akajikuta akitazama nyasi asizoweza kuzilisha. Kambi ya Michigan ilifungwa mwaka 2015 baada ya ugomvi wa miaka mingi juu ya nani ahesabiwe mwanamke na aruhusiwe kuingia. Waliokimbia kufukuzwa walijifunza nao kufukuza. Aliyeonewa hatakaswi kwa kuonewa tu, na anayetetea kambi za namna hiyo bila ya kukiri jambo hili anatetea picha ya kichwani mwake.

Hata hivyo, kuna nyuzio za aina nyingine ambazo Shinyanga inazijua vizuri kuliko Michigan. Tangu mauaji ya watu wenye ualbino yaliposhamiri Kanda ya Ziwa katika miaka ya 2006 na 2007, watoto wengi walipelekwa katika kituo cha Buhangija, mjini Shinyanga. Waliokolewa, hilo lisibezwe. Lakini kituo kilijaa kupita kiasi, baadhi ya wazazi hawakurudi kuwaona watoto wao, na mtoto aliyeingia kwa ajili ya usalama akakua akijua dunia kwa umbo la ukuta. Hakuujenga yeye, hakuchagua siku ya kuingia, wala hakuwa na neno juu ya siku ya kutoka. Kwa nje, ukuta wa Buhangija na mpaka wa ngitili ni kitu kimoja: vyote viwili vinatenga ili kulinda. Tofauti imo katika ufunguo.

Na ufunguo hufuata fedha. Mwezi Februari 2017 Wizara ya Afya ilitangaza kusimamisha huduma za VVU katika vituo 40 vilivyokuwa vikiwahudumia, miongoni mwa wengine, wanaume wapendao wanaume. Vituo vile vilitegemea fedha za wafadhili na vibali vya serikali. Siku mbili hizo zilipokosa kukutana, milango ilifungwa, na waliokuwa wakipata humo dawa na mtu wa kuzungumza naye hawakuulizwa neno, kwa kuwa hawakuwa wanachama wa kitu chochote, walikuwa wahudumiwa. Hapa ndipo mchango mdogo wa mwanachama, hata uwe shilingi elfu moja, unapopata uzito wa kimaadili kupita thamani yake. Anayechanga ana haki ya kukasirika mkutanoni.

Geita ni mahali pazuri pa kulipima jambo hili, maana wengi wa watu wake wametoka kwingine. Wachimbaji wadogo wa Nyarugusu na Rwamgasa wamekuja na majina ya mikoa yao, wakapanga vyumba kwa mwezi, wakashuka katika maduara pamoja na watu wasiowajua mama zao. Mtu wa namna hiyo akifa, ndugu wako mbali. Ndiyo sababu vyama vya kufa na kuzikana vina nguvu katika miji ya wageni. Sasa achukuliwe yule ambaye ndugu wako karibu lakini wamemkana. Nani atamwuguza? Nani ataosha maiti? Wanaodhani kwamba kambi ya wapenzi wa jinsia moja ni mahali pa starehe tu hawajafikiria kifo. Kabla ya hema na kabla ya ngoma, watu wa aina hiyo wanahitaji chama kitakachonunua sanda.

Lakini chama huhitaji daftari, na daftari huhitaji majina. Mweka hazina lazima aandike nani ametoa na nani anadaiwa, la sivyo fedha zitapotea na lawama zitazuka. Mbele ya kifungu cha 154, orodha hiyo hiyo inayowafanya wawe wanachama yaweza kuwa kielelezo cha mashtaka. Mpaka wa ngitili uliweza kukaa katika kumbukumbu za wazee kwa kuwa kila mtu kijijini aliruhusiwa kuutaja kwa sauti. Kikundi cha watu kumi katika chumba cha kupanga Geita kingelazimika kukumbuka michango yao kwa kichwa, mwezi baada ya mwezi, simu zote zikiwa zimezimwa na kuachwa mlangoni.