Kutu ya Ndani

Katika miji mikubwa ya Ulaya na Marekani kuna bustani za michezo, ambamo watu hulipa ili wapandishwe, wazungushwe na kurushwa hewani na mashine. Humo baba hukaa pamoja na mwanawe juu ya kiti cha chuma, mtumishi hushusha kizuizi vifuani mwao, mashine huanza kwenda, nao wawili hupiga makelele ya hofu na ya furaha. Laonekana kuwa jambo dogo, jambo la watoto tu. Lakini ndani yake limo swali kubwa: mtu akiweka uhai wake mikononi mwa mwingine kwa muda wa dakika mbili, huyo mwingine ana deni gani kwake?

Swali hilo huzidi uzito mashine inapozeeka. Rangi yaweza kupakwa upya kila mwaka, na taa zikang'aa kama siku ya kwanza. Chuma hakifufuki kwa rangi.

Tarehe 26 Julai 2017, katika maonyesho ya mwaka ya jimbo la Ohio, huko Marekani, bembea kubwa ya chuma iliyoundwa mwaka 1998 ilivunjika hewani ikiwa na watu. Kijana mmoja akafa, na watu 7 wakaumia. Bembea hiyo ilikuwa imekaguliwa na kupewa ruhusa kabla ya kufunguliwa. Waliochunguza waliona ya kuwa boriti iliyoshika viti ilikuwa imeliwa na kutu kwa ndani, mwaka hata mwaka, mpaka ukuta wake ukawa mwembamba mno. Nje ilikuwa nzima. Msomaji wa Injili atakumbuka jinsi Bwana alivyosema juu ya makaburi yaliyopakwa chokaa.

Je, asiyeiona kutu hiyo ana hatia? Walimu wa Kanisa hutofautisha ujinga wa namna mbili. Uko ujinga usioshindika: mtu ametafuta kwa bidii yote inayompasa, wala hakuweza kujua. Huo huondoa hatia. Uko na ujinga unaoshindika: mtu angaliweza kujua, lakini hakutaka kuuliza, ama aliogopa jibu. Huo hauondoi hatia, na mara nyingine huizidisha. Mtakatifu Thoma wa Akwino afundisha kwamba mtu asiyekusudia kuua aweza hata hivyo kuwa na hatia ya mauaji, kama hakuondoa kitu kiletacho kifo ambacho ilimpasa kukiondoa. Kwa hiyo amri ya tano haimhusu mwenye kisu peke yake. Yamhusu pia mwenye bisibisi ambaye hakuitumia.

Na hilo si fundisho jipya. Sheria ya Musa yamwamuru ajengaye nyumba kuweka ukingo juu ya dari, mtu asianguke na damu yake ikawa juu ya nyumba hiyo. Tena yamhukumu mwenye ng'ombe apigaye watu kwa pembe, ikiwa alikwisha kuonywa asimfunge. Hapo ndipo ilipo nguvu ya hoja: onyo hubadili wajibu. Baada ya ajali ya Ohio, waundaji wa bembea ile waliagiza zote za namna hiyo zisimamishwe duniani kote mpaka zichunguzwe. Tangu siku hiyo hakuna mwenye bembea kama ile awezaye kusema, “Sikujua kwamba kutu hula toka ndani.” Ng'ombe wake amekwisha kutajwa.

Yafaa kuangalia pia vile vitu vya kuokoa ambavyo siku zote hukaa bila kazi. Tarehe 30 Mei 1972, katika bustani ya Battersea mjini London, magari madogo yaliyokuwa yakivutwa kwa kamba kupanda kilima cha mbao yaliachana na kamba hiyo, yakarudi nyuma kwa kasi. Breki iliyowekwa ili kuyazuia yasirudi haikushika. Watoto 5 walikufa. Breki ya namna hiyo huweza kukaa miaka mingi bila kuhitajiwa, na kwa sababu hiyo ni rahisi kuisahau. Lakini kitu kisichotumika ila siku ya hatari ndicho kinachotaka kujaribiwa siku za amani.

Je, basi, kila kilichozeeka kitupwe? La. Mjini Vienna lipo gurudumu kubwa lililosimamishwa mwaka 1897, lenye urefu wa karibu mita 65. Mwaka 1944 liliungua vitani. Lilipofanya kazi tena mwaka 1947, vyumba vyake vya abiria, ambavyo zamani vilikuwa 30, vilirudishwa 15 tu, chuma kilichopita motoni kisibebeshwe mzigo wa ujana wake. Nusu ya vyumba ni nusu ya nafasi za kuuza. Lakini gurudumu lingali likizunguka hata leo. Hivyo ndivyo uzee unavyoheshimiwa: si kwa kuuficha, bali kwa kukiri kadiri ya nguvu iliyobaki.

Liko jambo jingine, ni kufaa kwa kiti na mwili wa mtu. Miili ya wanadamu si sawa: mmoja ni mfupi, mwingine ni mnene, mwingine ni mtoto. Tarehe 24 Machi 2022, mjini Orlando katika Florida, kijana wa miaka 14 alichomoka katika kiti cha mnara wa kuangusha watu, akafa. Mnara huo haukuwa mzee. Ulifunguliwa mwishoni mwa mwaka 2021. Lakini kipimo cha kiti kilikuwa kimegeuzwa kwa mkono, hata mashine ikahesabu kwamba kizuizi kimefungwa sawasawa, ingawa nafasi iliyobaki ilikuwa kubwa kupita kiasi. Kugeuza kipimo ili kiseme “ndiyo” ni kumfundisha shahidi kusema uwongo. Ndivyo afanyavyo pia mtu alegezaye dhamiri yake, isimzuie pale atakapo kwenda.

Kiti kiliundwa kwa ajili ya mtu, si mtu kwa ajili ya kiti. Basi ama kiti kirekebishwe kimfae, ama mtu aambiwe ukweli kwa heshima. Katika bustani nyingine huwekwa kiti cha kujaribia penye mlango, ili kila mmoja ajipime mwenyewe bila kuaibishwa mbele ya watu. Kumkatalia mtu kwa upole ni mapendo. Kumkubalia kwa kuogopa maneno yake si mapendo.

Wako wasemao, “Apandaye alitaka hatari kwa hiari yake.” Sivyo. Alinunua hofu, hakununua kifo. Akubali kuogopa kwa sababu anaamini kwamba yupo mtu aliyekwisha kuogopa kwa ajili yake, akapima kila bolti asubuhi. Wengine husema, “Mashine ikisimamishwa, watumishi watakosa mshahara.” Neno hilo lina uzito, wala halifai kudharauliwa. Lakini jibu lake ni kwamba fedha ya matengenezo iwekwe kando kila siku, kabla ya kuhesabu faida, pamoja na akiba ya mishahara kwa siku za kusimama. Fedha hiyo si mali ya mwenye mashine. Akiila, ameila mali ya abiria.

Katika bustani ya Tivoli, mjini Copenhagen, kuna magari yapitayo juu ya kilima cha mbao kilichojengwa mwaka 1914. Mpaka leo kila msafara wa magari hayo una mtu wa breki, naye hukaa humo humo pamoja na abiria. Breki ikiharibika, haribiko hilo ni lake pia. Mchungaji mwema hakai mbali na kundi.

Kwa hiyo Mkristu mwenye mashua ziwani, mwenye lori, mwenye ngazi ya kuazimisha, au msimamizi wa shule yenye paa la zamani, ajiulize mbele ya Mungu kabla ya kulala: Je, chombo changu ningempandisha mwanangu bila kumwambia neno lolote? Akisita kujibu, asubuhi asikifungue. Achukue taa, aangalie ndani.