Ufunguo wa Ikulu

Somo: Isaya 22:15-25



Mnakumbuka mwezi wa tano nilialikwa Italia kuhubiria ndugu zetu wa Afrika Mashariki wanaokutana kule Roma. Siku moja haikuwa na ibada. Dada mmoja mzaliwa wa Malindi, aliyekaa huko miaka mingi akitunza wazee, akaniambia, "Mchungaji, leo nakupeleka ikulu." Nikadhani tutaangalia tu tukiwa nje ya geti. Kumbe alishaweka nafasi wiki nzima mapema na kulipa. Kilichotakiwa ni paspoti yangu tu.

Ikulu yao inaitwa Quirinale, juu ya kilima chenye jina hilo hilo. Walinzi wa Rais ni warefu kweli, huchukuliwa wale wa mita 1.90 kwenda juu. Mimi niliishia kifuani! Ndani kuna vyumba zaidi ya elfu moja, mazulia, taa za vioo, dari zilizochorwa. Niwaambie ukweli, baada ya chumba cha kumi nilichoka kushangaa. Kilichonishika ni yule kijana wa kututembeza alipoanza kusimulia habari za waliowahi kukaa mle.

Ujenzi ulianza 1583, wakati wa Papa Gregory wa 13, aliyetafuta mahali penye hewa nzuri siku za joto. Mapapa wapatao 30 wakaitumia. Mwaka 1809 askari wa Napoleon wakaingia usiku wakamkamata Papa Pius wa 7, akapelekwa mbali. Napoleon akaagiza vyumba vitengenezwe upya, akae yeye. Hakulala mle hata usiku mmoja! Unapaka rangi, unapima mapazia, na hukanyagi mlangoni. Papa akarudi 1814.

Halafu 1870 jeshi la mfalme wa Italia likateka Roma. Papa Pius wa 9 alikuwa Vatican, ng'ambo ya mto. Wakamwomba funguo za Quirinale, akakataa. Basi wakaita fundi wa kufuli, akafungua. Mfalme Victor Emmanuel wa 2 akaingia, na 1878 akafia humo humo. Wafalme walikuwa wanne tu. Wa mwisho, Umberto wa 2, alitawala mwezi mmoja na siku chache. Juni 1946 raia wakapiga kura kuondoa ufalme, naye akafunga virago. Sasa ni nyumba ya Rais, na muhula wake ni miaka 7.

Wageni walicheka waliposikia habari za fundi wa kufuli. Nami nikacheka. Halafu kicheko kikanikauka mdomoni.

Wapendwa, kabla sijaja hapa kwenu nilihamishwa kutoka kanisa moja ambalo sitalitaja. Nilikuwa nimejenga jiko la nyumba ya mchungaji kwa pesa zangu, nikachimba na choo. Barua ya uhamisho iliponifikia nikasema nimeonewa. Nikahamisha vitu vyangu, lakini funguo nikabaki nazo mfukoni. Mchungaji mpya alifika jioni na pikapu ya vyombo, mke na mtoto mchanga, na mvua inanyesha. Akanipigia simu. Niliiona ikilia, sikushika. Asubuhi yake wazee wakaleta fundi akakata kufuli. Na Jumapili ile mimi nilihubiri juu ya unyenyekevu, tena watu wakasema amina.

Shebna wa Isaya 22 hakuwa mfalme. Alikuwa msimamizi wa nyumba ya mfalme, yaani keyateka. Lakini alizoea nyumba mpaka akajichongea kaburi juu kwenye mwamba, kama mwenye mji. Mungu akamtuma Isaya kumwuliza ana haki gani mahali pale, na ufunguo wa nyumba ya Daudi ukaenda begani mwa Eliakimu. Sisi wahubiri hupenda kuishia hapo mstari wa 22, tunapiga vigelegele. Endelea usome mpaka wa 25. Hata kile kigingi kilichokazwa mahali imara kinang'oka, na mzigo wote unaanguka. Ukifika Ufunuo 3:7 ndipo unaona ufunguo ule mkononi mwa Yesu, na hajawahi kumwachia mtu awe wake kabisa.

Sasa mnajua Desemba idara zote zinabadilisha viongozi. Nimeshasikia maneno. Kuna aliyeweka vipaza sauti vya kwaya nyumbani kwake. Kuna daftari la chama cha akina mama ambalo halionekani. Mama, lirudishe wiki hii, hatutakuuliza lilikuwa wapi. Na Desemba hiyo hiyo mimi pia ninaondoka, wengine wenu mlikuwa mmesikia.

Niliporudi kutoka safari nilimpigia yule mchungaji. Akasema, "Ah, mzee wangu, hiyo ni kitambo, nilishasamehe." Nikaomba kuongea na mkewe. Alinyamaza kidogo, kisha akaniambia usiku ule walilala ndani ya pikapu, na mtoto alikohoa mpaka asubuhi. Sikuwa na la kujibu isipokuwa kuomba msamaha, na nikaomba mara mbili.

Jumatatu iliyopita nilimkabidhi katibu wa kanisa seti ya pili ya funguo za nyumba ya mchungaji. Ile ya kwanza nitamkabidhi mwenzangu mwenyewe, mlangoni, tarehe atakayofika, hata akifika usiku.