Mlima Ulio Mlangoni Petu

Wengi wetu twatamani kuziona nchi za mbali: Yerusalemu, Roma, hata Uingereza. Si vibaya. Lakini je, ni haki kuutamani mlima wa mbali huku tukiupa kisogo ulio mlangoni petu? Misitu ya Uluguru, iliyofanywa hifadhi ya mazingira asilia mwaka 2008, ina ndege wasiopatikana penginepo duniani. Na Mto Ruvu utokao huko hunywesha hata Dar es Salaam. Mlima wa mbali hutudai nauli tu. Wa karibu hutudai kazi: kuzuia moto, kutokata miti ya vyanzo vya maji. Pengine ndiyo maana twaupenda zaidi ule wa mbali. Basi, kabla ya kuweka akiba ya safari, tupande kwanza Morningside kwa miguu, tukaone tulichokabidhiwa.