Jawabu la Kuazima

Neno la mtu hudaiwa mambo mawili: liwe kweli, na liwe lake. Aghalabu mambo haya hufuatana, hata watu wakayadhani kuwa ni jambo moja. Mahali panapodhihirisha kuwa ni mawili ni chumba cha mtihani wa kusema lugha ya kigeni.

Tangu mwaka 1989 mtihani wa Kiingereza uitwao IELTS umekuwa lango la watu wengi waendao kusoma au kufanya kazi katika nchi zisemazo lugha hiyo. Sehemu ya kusema huchukua dakika 11 hadi 14. Mtahini na mtahiniwa hukabiliana, na maswali ya kwanza huwa ya mambo ya kawaida: nyumba, kazi, chakula, au baiskeli. Mtahiniwa huweza kuulizwa kama alikuwa na baiskeli utotoni, na kama baiskeli zinapendwa na watu wengi katika nchi yake. Maswali ni mepesi, lakini wako wanaoyafanyia mazoezi kwa majuma mengi. Hutafuta jawabu lililotungwa na mwingine, hulihifadhi moyoni, na hulirudia mpaka likateleza ulimini. Jawabu hilo lina baba mpole aliyeshikilia kiti cha nyuma, lina goti lililochubuka, lina bustani ya jioni. Mwanafunzi aliyekwenda shule kwa miguu miaka yote, wala nyumbani kwao hapakuwa na baiskeli, hulichukua jawabu hilo zima kama lilivyo. Je, ametenda kosa gani?

Wako wamteteao, na hoja yao si dhaifu. Husema kuwa mtahini hupima mambo manne yenye uzito sawa: ufasaha na mfuatano wa maneno, wingi wa msamiati, sarufi, na matamshi. Ukweli wa habari haumo katika hesabu. Hapana mtahini atakayesafiri mpaka kijijini kuuliza kama baiskeli hiyo ilikuwako. Uongo humdhuru mtu aliyeutegemea, na hapa hapana aliyeutegemea. Msimulizi asemapo paukwa, wasikilizaji huitikia pakawa, na baada ya hapo hapana amwitaye mwongo hata sungura akisema na simba. Mtihani nao, kwa maoni yao, ni mchezo wa namna hiyo.

Hoja hii yastahili kukubaliwa nusu, na nusu hiyo ndiyo inayoonyesha kosa lilipo. Wafikiriwe watahiniwa wawili. Wa kwanza hakuwa na baiskeli, lakini alipoulizwa alibuni moja papo hapo, akaieleza kwa Kiingereza chake mwenyewe, akijikwaa na kujisahihisha. Huyu amesema uongo juu ya utoto wake, walakini amesema kweli juu ya ulimi wake. Wa pili alikuwa na baiskeli kwa hakika, lakini aliyaeleza mambo yake kwa sentensi zilizotungwa na fundi mwingine, alizokwisha kuzikariri. Huyu amesema kweli juu ya utoto wake, na uongo juu ya ulimi wake. Kati ya wawili hawa wa pili ndiye mwenye kosa kubwa zaidi, ijapokuwa kila jambo alilolitaja lilitukia. Mtahini hakuwa na haja ya baiskeli. Haja yake ilikuwa kujua kama mtu huyu aweza kulitoa wazo lake mwenyewe katika lugha isiyo yake. Jambo hilo ndilo alilodanganywa.

Wala si kweli kuwa hapana aliyeutegemea uongo huo. Baraza la Wauguzi na Wakunga la Uingereza humtaka muuguzi aliyefundishwa ng'ambo, akichagua kuuthibitisha Kiingereza chake kwa mtihani huu, apate alama 7 kati ya 9 katika kusema. Alama hiyo hutegemewa na watu ambao hawakuwamo chumbani. Mgonjwa aelezaye maumivu yake usiku wa manane hana orodha ya maswali iliyojulikana mapema. Mbele yake muuguzi hana jawabu la kuazima, na nguo ya kuazima, wahenga walisema, haisitiri makalio.

Hata hivyo, uongo mdogo wa mtahiniwa wa kwanza nao haukosi hukumu. Mtu aazimaye utoto wa mwingine hukiri kimoyomoyo kuwa utoto wake haufai kusimuliwa mbele ya mgeni. Yule aliyekodi baiskeli kwa dakika chache, yule aliyejifunzia baiskeli ya mtu mzima kwa kupenyeza mguu chini ya chuma cha katikati, na yule msichana aliyeambiwa kuwa kupanda baiskeli si heshima kwa mwanamke, wote wana habari za kusema. Wakizificha kwa aibu, hapana aliyewalazimisha, kwa kuwa swali liliruhusu jawabu la hapana.

Swali la pili lina uzito zaidi, maana humfanya mtahiniwa kuwa msemaji wa watu wake. Jawabu la kuazima husema kuwa baiskeli hupendwa kwa sababu ya afya na hewa safi. Huenda maneno hayo yakafaa Uholanzi, nchi yenye baiskeli nyingi kuliko watu. Lakini Busia, mpakani mwa Kenya na Uganda, baiskeli zilizochukua abiria katika miaka ya 1960 ndizo zilizozaa jina la bodaboda, na wapandaji wake walitafuta riziki. Pikipiki zilipopatikana kwa wingi, jina lilihamia huko, na wengi waliokuwa wakikanyaga waliiacha baiskeli bila majonzi. Kitu chaweza kutumiwa na wengi kisipendwe na wengi. Mwanafunzi atakayeitambua tofauti hiyo, akaieleza kwa maneno machache yaliyo yake, atakuwa ameijua nchi yake na Kiingereza kwa pamoja. Atakayekariri atakuwa ameipa nchi yake sifa ya nchi nyingine.

Haya yote hayakatazi mazoezi. Mpanda baiskeli hujifunza kwa kuanguka na kurudia, na msema lugha hali kadhalika. Kuhifadhi msamiati si udanganyifu, wala kuzoeza ulimi sauti ngumu si udanganyifu. Tofauti ni kati ya kufanya mazoezi ya kujibu na kulibeba jawabu. La kwanza humwacha mtu na uwezo atakaokwenda nao popote. La pili huisha faida yake mara swali linapogeuzwa kidogo. Asiyekuwa na baiskeli aweza kuanza na sentensi fupi ya kweli, kwamba hakuwa nayo, kisha akaeleza kwa nini, na jinsi alivyofika shuleni. Sentensi hiyo haitamnyima alama hata moja, na atakayoyasema baada yake hayatamlazimu kuyakumbuka kwa kukariri, kwa sababu aliyaishi.