Hasara na Amana

Mtu akaaye Nevada, naye anayo nyumba ya kupangisha California, huenda akalazimika kuipelekea serikali ya jimbo lile hesabu ya kodi kwa fomu 540NR, ingawa si mkazi wake. Na kwa kuwa sheria humruhusu kuhesabu uchakavu wa jengo, pasipo ardhi, kwa miaka 27 na nusu, yamkini pango lionekane hasara hali nyumba yenyewe imepanda thamani.

Je, hasara hiyo ni uongo mbele ya Mwenyezi Mungu? Naamini siyo, maana mwandishi na mwandikiwa wote wawili waifahamu, na aghalabu siku ya kuuza uchakavu ule hurejeshwa hesabuni. Tena tangu mwaka 1986 sheria ya Marekani imeiwekea mpaka hasara ya namna hii isimeze mishahara, bali isubiri faida ya baadaye. Lakini azidishaye kwa kuandika matengenezo yasiyofanyika amefanya hadaa, wala kuwa mgeni wa jimbo hakumwondolei dhima. Ewe msomaji, andika hasara yako kama ilivyo, kwani haki ya serikali usiyoishi chini yake nayo ni amana.