Mkwaruzo

Nyumbani kwetu Manundu, Korogwe, marehemu baba alituachia sanduku la santuri. Humo zimo za Morogoro Jazz na za Atomic Jazz ya Tanga. Vumbi la miaka mingi limejaa katika mifuo yake, na ukizipiga hukoroma kama mgonjwa wa pumu.

Mwanangu aliye ughaibuni alinitaka nichague mashine ya kuzisafishia. Ni beseni la maji linalotikiswa na mawimbi ya sauti yasiyosikika kwa sikio la binadamu, mara nyingi mitetemo 40,000 kwa sekunde. Viputo vidogo mno huzaliwa na kupasuka, vikabandua uchafu ulio ndani ya mfuo. Nilijifunza ya kuangalia: maji yasiwe ya moto, maana santuri itapinda; karatasi ya katikati isilowe; na santuri zisibanane, zisije zikazuiliana mawimbi.

Lakini hakuna mashine iondoayo mkwaruzo. Uchafu ni kitu kilichoongezwa. Mkwaruzo ni kitu kilichopotea, na maji hayarudishi kilichopotea.

Nasema hivi kwa kuwa nina langu moyoni. Nikiwa na miaka tisa niliiburuza sindano juu ya santuri aliyoipenda baba. Alipouliza, nikamnyooshea kidole mdogo wangu. Akachapwa yeye. Baba akafa bila kuujua ukweli.

Je, niliitaka mashine nisikie muziki, au nijione nimetakasa nilichoharibu? Wapo wasemao ya kale yasifukuliwe, yasije yakaumiza watu. Nami nilijificha nyuma ya hoja hiyo miaka mingi. Lakini nilipojihoji, niliona kimya changu hakikumkinga mdogo wangu na lolote. Kilinikinga mimi.

Basi kabla ya kuchagua mashine nilimwendea, nikamweleza. Alinyamaza kitambo, kisha akauliza: "Kaka, mbona hukumwambia baba?" Sikuwa na jibu, na sina hadi leo.

Nimechagua mashine ndogo, ya santuri moja moja. Tutaanza na ile ile. Sauti itatakata, na pale pa mkwaruzo sindano itaruka kama ilivyoruka siku zote. Ila safari hii tutakaa wawili kuisikiliza, na kila mmoja atajua ni mkono wa nani.